Saa ya Mzee wa Shume

Kioo cha saa yangu kiliingia ukungu kabla hatujafika Soni. Mombo tuliiacha ikichemka. Kona chache tu mlimani, abiria wakaanza kufunga madirisha, mama wa kiti cha mbele akajitanda khanga ya pili, na mimi nikatazama mkononi nisiione mishale. Hewa ya joto ya bondeni ilikuwa imejificha ndani ya saa. Ilipokutana na baridi ikageuka maji. Maana yake mpira wa mgongoni ulikuwa umechoka. Na huo mpira niliufunga mwenyewe wiki moja nyuma, nikauona bado una siku zake.

Hiyo ndiyo hali niliyokuwa nayo safari yangu ya kwanza Shume: mkusanyaji wa saa za kale, nimebeba vifaa vya fundi kwenye mkoba, na mkononi saa inayotoka jasho. Tanga nilikuwa nimesikia habari za mzee mmoja, mstaafu wa misitu, mwenye Seiko 5 aliyoivaa miaka arobaini bila kuibadilisha. Nilikuwa na nia ya kuinunua. Tena kwa bei ndogo, nikisema kweli.

Nililala Lushoto, na asubuhi ya Alhamisi nikapanda Noah. Msitu wa Magamba tuliupita ndani ya ukungu, dereva akipiga honi kila kona. Lukozi malori yalikuwa yanapakia kabichi na karoti. Shume penyewe ni baridi ya kweli, na mimi nilikuwa na koti jepesi la Tanga.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unatetemeka? Njoo motoni kwanza, maneno baadaye."

Maneno ya mwanzo yalikuwa ya miti. Akanieleza jinsi Wajerumani walivyopaita mahali hapa Neu-Hornow, wakavuta kamba za chuma kutoka huku juu hadi Mkumbara, magogo ya mtarakwa yakawa yanateremka angani kuifuata reli ya Tanga. Nilikuwa namsikiliza kwa sikio moja. Macho yalikuwa kwenye kifundo cha mkono wake.

Simu yangu ilisema 10:05. Saa yake ilionyesha nne na dakika tano.

Imelala, nikajisemea, bei imeshuka zaidi. Akanivulia, nikaiweka sikioni. Haikulala hata kidogo. Ilikuwa inakimbia vile Seiko za aina ile zinavyokimbia, mapigo sita kwa sekunde, bila kukwaruza.

"Baba, saa yako iko nyuma saa sita."

Akanitazama kama mtu anayemhurumia mgonjwa. "Sasa hivi ni saa ngapi?"

"Saa nne na dakika tano."

"Na hiyo inasema ngapi?"

Sikujibu. Mkewe alicheka hadi akaweka chini kikombe cha chai.

Nikaigeuza mgongo, angalau hapo nina ujuzi wangu. Namba ya mashine ilikuwa ya 7009, vito 17. Namba ya pili ilianza na 1 ikafuatiwa na N. Kwa Seiko za wakati ule, tarakimu ya kwanza ni mwisho wa mwaka, na alama inayofuata ni mwezi. Kwa kuwa Oktoba, Novemba na Desemba haziwezi kuandikwa kwa tarakimu moja, wanaandika O, N na D. Basi ni Novemba, ya 1981 au ya 1991; saa haisemi ni muongo gani. Mzee ndiye aliyesema: aliinunua Tanga, kwa mtu aliyerudi kutoka Dubai, mwaka mmoja kabla ya msako wa wahujumu uchumi. Msako ulikuwa 1983. Nikaandika 1981 kwenye daftari.

Kutoka Ghuba kulieleza na jambo jingine: kwenye kidirisha, jina la siku lilikuwa la Kiarabu.

Nikamuuliza anaitunzaje. Hakuwa na siri kubwa. Huivua kila anapotawadha na kuitia mfuko wa shati, basi kwa miaka yote hiyo imeponea maji mara tano kwa siku. Akishika jembe huitundika msumarini. Na kile kifundo cha pembeni, kilichokaa upande wa nne badala ya tatu, hakizungushi kuijaza. Hapo yuko sahihi kabisa: 7009 haijazwi kwa vidole, hujazwa na mkono unaotembea. Nimeona watu wengi wakisokota vifundo hivyo kila asubuhi na kuvimaliza bure.

Akaniambia nisubiri magharibi. Tukasubiri. Adhana ilipokaribia, mishale yote miwili ilielekea kumi na mbili, na tarehe ikaruka mbele ya macho yangu. Jina la siku halina haraka. Lilianza kujisogeza, likapita kwenye Kiingereza, na tulipotoka kuswali isha lilikuwa limetulia kwenye Ijumaa. Usiku wa Ijumaa, kama tunavyosema sote na kama saa zetu zote zinavyokataa kusema. Mwanzoni, alisema, ilikuwa inageuza siku alfajiri, naye akaizungusha mbele saa kumi na mbili hadi ikatii.

Kitu kimoja tu nilimwongezea. Saa za namna hii hazitaki tarehe isukumwe kwa mkono mishale ikiwa kati ya tisa na nne wakati meno ya kubadilisha siku yameshashikana, yanavunjika. Kwa saa zetu hizo ni saa za usiku. Kwake ni kuanzia saa tisa alasiri hadi saa nne usiku. Akatikisa kichwa, akamwita mjukuu aandike.

Bei sikuitaja. Nilimwomba tu, ikianza kuchelewa, aniletee niisafishe na kuitia mafuta, na asimpe mtu yeyote aipake rangi uso.

Yangu niliifungua Jumatatu, Tanga. Nilikuta skrubu mbili zimeshika kutu. Mpira mpya ulinigharimu pesa ya chai na maandazi mawili.