Nilivyokwenda Loitokitok na Rangi za Chati

Sisi wa Kitengela tumezoea kudhani Kajiado inaishia Isinya, na ukizidisha sana, Kajiado mjini. Gavana wetu na wa watu wa Loitokitok ni mmoja, lakini njia ya lami niliyoelekezwa ilinitoa kwanza nje ya kaunti. Nilishika barabara ya Mombasa pale Athi River, nikapita Machakos, nikaingia Makueni, nikashuka Emali. Hapo nikabadilisha gari na kurudi tena Kajiado kwa mlango wa nyuma. Mgongoni nilibeba kipakatalishi chenye programu ya kikundi kimoja cha wakulima, inayoweka hesabu za mavuno na kuzichorea chati. Kikundi kilikuwa kimetuma ujumbe mfupi: chati hazisomeki, njoo.

Kutoka Emali kushuka kusini, vilima vya Chyulu vinakusindikiza upande wa kushoto. Kwetu tumezungukwa na viwanda vya saruji na ploti za hamsini kwa mia, kwa hiyo nafasi tupu kiasi kile ilinitia wasiwasi kidogo. Mama niliyeketi naye kwenye Probox aliniuliza kama nimeshauona mlima. Nilitazama mbele, usawa wa macho, nikaona wingu tu. “Inua kichwa, mwanangu.” Nikainua. Juu ya lile wingu, mahali ambapo sikutarajia kuona chochote cha ardhini, palikuwa na theluji. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kina urefu wa mita 5,895, na namba hiyo nimeijua tangu shule ya msingi, ila namba haikuambii kwamba itabidi uumize shingo.

Kimana tulisimama kidogo. Makreti ya mbao yaliyojaa nyanya yalikuwa yakipakiwa kwenye lori, na vitunguu vyekundu vilikuwa vimelundikwa kwenye neti kando ya barabara. Mvua haitoshi huku kulisha mashamba haya yote. Maji ya chemchemi zinazotoka kwenye mlima ndiyo yanayonywesha nyanya za Kimana na Rombo. Loitokitok yenyewe iko juu zaidi, mteremkoni, na jioni ile nilijuta kuacha koti. Kwenye hoteli ya chai, wateja waliovuka kutoka Tarakea, upande wa Tanzania, waliagiza kwa upole: “Dada, naomba unipatie chai.” Nami nilikuwa nimeshasema “Leta chai” kama tunavyosema stejini Kitengela. Mhudumu aliwahudumia wao kwanza, na kwa haki.

Asubuhi nilikwenda ofisini kwa kikundi. Katibu, mzee mmoja mchangamfu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alinionyesha ukuta. Kwenye kioo cha kompyuta chati yake ilikuwa imependeza: nyanya nyekundu, hoho kijani, kama zilivyo shambani. Ukutani, ilipochapishwa na mashine yao ya wino mweusi, nyanya na hoho zilikuwa kitu kimoja. Wakulima walikuwa wakisimama mbele ya ile karatasi wakiulizana kipande kipi ni cha nani.

Nikaketi nikapiga hesabu. Kompyuta hutengeneza kila rangi kwa namba tatu, za nyekundu, kijani na bluu, kila moja kuanzia 0 hadi 255. Njia moja ya kawaida ya kuigeuza rangi kuwa ya kijivu ni kuzidisha nyekundu kwa 0.299, kijani kwa 0.587 na bluu kwa 0.114, kisha kujumlisha. Nyekundu kamili, 255, inakupa 76. Ile kijani inayoitwa Green kwenye orodha ya rangi za .NET, jukwaa ambalo programu hii imejengwa juu yake, ina kijani 128 tu, nayo inakupa 75. Rangi mbili ambazo hata mtoto hawezi kuzichanganya zinatofautiana kwa moja zikifika kwenye karatasi! Nilikuwa nimekaa miaka na hizo rangi bila kuzipigia hesabu hii.

Katibu alichagulia wapi rangi zake? Ndani ya programu kuna PropertyGrid, lile jedwali ambalo kushoto lina majina ya sifa na kulia lina thamani zake. Ukibofya mstari wa rangi, kishale kinajitokeza, na chini yake hufunguka kisanduku chenye kurasa tatu za rangi. Ndicho kihariri kinachokuja na .NET, na mwandishi wa programu asipokigusa hubaki vilevile. Majina yake ni ya watu wa mbali: PeachPuff, PapayaWhip, hata DodgerBlue, ambayo jina lake limetokana na timu ya besiboli ya Los Angeles. Katibu alikuwa akiyapita kwa kidole, midomo ikichezacheza, mpaka akafika kwenye Tomato. Akaibofya. Ikatoka rangi iliyoelekea machungwa. “Hii imechumwa mapema,” alisema. “Hii ni ya kupelekwa Mombasa.” Ofisi nzima ikacheka.

Ilikuwa siku ya soko, akanitoa nje tutembee. Barazani pa duka fulani kina mama wa Kimaasai walikuwa wakitunga shanga. Alinifundisha nisalimie “Takwenya,” wakaitikia “Iko” huku wakinicheka matamshi. Nilichokodolea macho ni vifuniko vya makopo vilivyopangwa mbele yao, kila kimoja na rangi yake: nyekundu, nyeupe, bluu, kijani, machungwa, manjano, nyeusi. Basi. Shanga hizi za kioo kwa miaka mingi zimekuwa zikitoka Cheki, ambako rangi hazihesabiki, na bado wao wanafanya kazi yao yote kwa vifuniko vichache. Nilimwuliza mmoja kwa nini kati ya kila rangi mbili anaingiza nyeupe. Hakunijibu kwa maneno kwanza. Alipanga shanga nyekundu na za kijani zikigusana kwenye shuka pajani, akaniambia nirudi nyuma hatua kadhaa. Kisha akaingiza mstari wa nyeupe katikati. “Sasa unaona mbili?” Niliona mbili.

Usiku ule, nimejifunga blanketi la gesti, niliandika kihariri kipya. Si kazi ya kutisha. Unatengeneza klasi inayorithi UITypeEditor. GetEditStyle inalijulisha jedwali kwamba tunataka kisanduku kinachoshuka. EditValue inafungua kisanduku chetu badala ya kile cha kurasa tatu. PaintValue inachora kile kijidirisha cha rangi kando ya jina, mradi GetPaintValueSupported ijibu kweli. Halafu juu ya sifa yenyewe unaweka mstari mmoja wa Editor, ili jedwali lijue pa kwenda. Ndani ya kisanduku nilipanga rangi chache kama vile vifuniko. Kijidirisha nilikigawa mara mbili: kushoto rangi yenyewe, kulia kijivu chake baada ya ile hesabu, kusudi anayechagua aione karatasi kabla ya kuchapisha. TypeConverter ndogo ikabadilisha majina yakawa ya Kiswahili. Na kila kipande cha chati nikakitia mpaka mweupe wa pikseli tatu. Hilo ni la yule mama, silidai.

Kesho yake tulikaa na katibu kugawa rangi. Kitunguu alisisitiza kiwe zambarau, ambayo kijivu chake ni 53. Hoho tukaipa kijani hafifu, LightGreen, 199. Iliyokaa vizuri katikati yao, kwa kijivu cha 142, ilikuwa ni ile Tomato aliyoidharau. Aliitazama kwa muda. “Basi iandike Nyanya ya Mombasa,” akasema, na kwenye orodha ndivyo inavyosomeka mpaka leo. Kuhusu maharagwe tulibishana hadi chai ikapoa, maana ya huko ni ya rangi nyingi na kila mkulima aliyeingia alikuja na yake.

Kisha tukachapisha. Mzee mmoja aliyekuja kulipa ada alisimama mbele ya karatasi, akaweka kidole kwenye kipande cha vitunguu, akauliza kwa nini mwaka huu ni kidogo hivyo. Hilo lilikuwa swali la kujibiwa na katibu, nami nikafunga kipakatalishi.

Wenzangu mnaoandikia vikundi na vyama vya ushirika programu, nawaomba jambo moja: kabla hamjakabidhi chati, ichapisheni kwenye mashine iliyoko ofisini kwao, si ile ya rangi mliyo nayo Nairobi. Na mkienda Loitokitok, bebeni koti.