Babu Amenyamaza, Nangoja

Barua ya kwanza niliyomwandikia bingwa wa ndondi ilinirudia. Ilikuwa 1976, nami karani wa posta mjini Nakuru, kijana wa miaka ishirini na sita aliyejiona anaijua dunia kwa kuwa mihuri ya miji yake ilimpitia mkononi kila asubuhi. Nilikuwa nimesoma katika jarida kuukuu kwamba Jack Dempsey, bingwa wa dunia wa uzani wa juu kuanzia 1919 hadi 1926, alikuwa na mkahawa pale Broadway, New York, na kwamba wapita njia humwona mwenyewe amekaa karibu na dirisha. Nikaandika anwani ya mkahawa. Ndani nikatia kuponi ya kimataifa ya kujibia, ile ambayo mpokeaji huibadilisha kwa stempu za kwao ili jibu lisimtoe senti, nikaipiga muhuri kwa mkono wangu.

Miezi mitatu baadaye, hiyo ikarudi. Mkahawa ulikuwa umefungwa tangu 1974. Wenzangu wa dirishani walicheka wiki nzima: mtu wa posta hajui anwani!

Ya pili ilijibiwa. Nilimwandikia Max Schmeling, Mjerumani aliyeshika ubingwa wa dunia 1930 hadi 1932, nikapata bahasha yenye picha iliyotiwa saini. Neno jingine hakuna. Niliibandika picha ile juu ya meza yangu, na kila aliyeuliza nilimpa kisa kizima bila kuombwa mara mbili: jinsi Schmeling alivyomwangusha Joe Louis katika raundi ya kumi na mbili mwaka 1936, na jinsi Louis alivyomngoja miaka miwili, akammaliza kwa sekunde 124 katika uwanja wa Yankee, dunia ikiwa inaelekea vitani na kila upande ukidai ngumi zile ni zake. Nilipofika mwisho wa kisa nilipunguza sauti. Watu hawa wawili, nilisema, baada ya vita walitafutana wakawa marafiki, na Louis alipoandamwa na madeni ya kodi, Mjerumani yule alimsaidia.

Nakuru ya siku hizo ilikuwa mji wa kuelewa mambo haya. Tulikuwa na ukumbi wetu wa ndondi ulioitwa Madison Square Garden, jina kubwa kuliko jengo, na hakuna aliyeona kichekesho hapo, maana ndani yake walipikwa vijana waliokwenda mbali. Philip Waruinge alikuwa wa kwetu. Mexico 1968 alirudi na shaba, lakini waamuzi wakampa Kombe la Val Barker la bondia mwenye ufundi kuliko wote wa Olimpiki ile, wakawapita wote waliovaa dhahabu. Munich 1972 akachukua fedha, kisha akaenda Japani kupigana kwa malipo.

Basi jioni moja mzee aliyekuwa akiwafunga vijana bendeji pale ukumbini aliniita pembeni. Alikuwa ameisikia habari ya picha.

"Wewe unawaandikia watu wa ng'ambo," akasema. "Na mabingwa wetu je? Wao huwaandiki kwa kuwa hujui anwani, au kwa kuwa hawana picha za kutia saini?"

Sikuwa na jibu. Akanipa anwani mbili, moja ya Kisumu, moja ya Mombasa. Wazee wale wawili walikutana ulingoni Nairobi mara moja tu, mwaka mmoja baada ya vita, uzani wa unyoya, raundi tatu. Yule wa Kisumu alishinda kwa pointi. Hawakuonana tena. Majina yao nitayaacha. Wajukuu wao wapo, na hao wazee hawakuniandikia ili nije kuwachapisha.

Jibu la Kisumu lilifika mapema 1978 kwa mwandiko wa mtoto, herufi zote zimelalia upande mmoja kama miwa baada ya upepo. "Mimi sijambo, hofu ni kwako. Vidole vya mkono wangu wa kulia havikunji, kwa hiyo anayeandika ni mjukuu wangu wa darasa la tano. Ukiona makosa ni yake." Chini yake, kwa kalamu ileile: "Makosa si yangu. Babu anasema haraka."

Yule msichana aliandika kila alichosikia na kila alichoona. Nilipouliza habari za kupima uzito, mzee alieleza kwamba kikomo kilikuwa ratili 126, na kwamba siku mbili kabla ya mizani hakunywa maji, alilowesha midomo tu, akakimbia kando ya ziwa amevaa koti zito alilorudi nalo kutoka Burma alikopigana akiwa askari wa King's African Rifles. Kukimbia kando ya maji yote yale na koo limekauka! Alinieleza glavu za zamani zilivyojazwa manyoya ya farasi, na manyoya hayo yakilowa jasho husogea pembeni, ikifika raundi ya tatu vifundo vyako vimebaki na ngozi tupu. "Hapo unampiga mtu kwa mfupa." Kisha, katika mstari wa peke yake: "Babu amenyamaza. Nangoja." Na mstari unaofuata, kwa wino wa rangi nyingine: "Babu anasema tuendelee. Leo ni Jumapili."

Nimesoma vitabu vingi vya ndondi tangu siku ile, vya watu walioajiriwa kuandika. Sijaona mahali ambapo bondia amenyamaza na mwandishi akangoja.

Niliuliza kikombe cha ubingwa kiko wapi. Kipo. Mkewe alikuwa akikitumia kupimia omena sokoni, mpaka mkono mmoja wa kikombe ukang'oka.

Mzee wa Mombasa alikaa Kibokoni, akishona kofia. Yeye aliandika mwenyewe, mwandiko wa kupendeza, lakini aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kama alivyofundishwa chuoni, na hakuona sababu ya kubadili kwa ajili ya karani wa Nakuru. Bahati nzuri nami nilizaliwa Mombasa na chuo nilikipitia. Hata hivyo nilitoka jasho. Khati ile ya kizamani haikutofautisha sana p na b, na m iliyo mbele ya b ilimezwa, hivi kwamba baba, papa, pamba na bamba huweza kuandikwa sawasawa, ukabaki wewe na akili yako.

Barua zake zote zilikuwa na jambo moja: alidhulumiwa. Yeye ndiye aliyeshinda, waamuzi hawakuona, au waliona wakafumba. Zaidi ya miaka thelathini ilikuwa imepita, na aliieleza raundi ya kwanza konde kwa konde. "Mwambie yule bwana wa ziwani," aliniandikia, "kwamba hicho kikombe anachopimia dagaa ni changu."

Nikamwambia. Jibu likaja kwa mwandiko wa miwa: "Mwambie aje akichukue. Kimebaki mkono mmoja, yeye alete wa pili."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa daraja. Mmoja hakuweza kushika kalamu, mwingine herufi zake hazikusomeka nyumbani kwa mwenzake, na Nakuru iko katikati, pale reli ya Kisumu inapoachana na ile ya Uganda. Barua ya Kibokoni ilifika kwangu, nikaihamisha kwa herufi za Kirumi, nikaipeleka mbele. Ya Kisumu ilipofika niliiandika upya kwa Kiarabu, maana mzee wa Kibokoni alisema herufi za Kizungu zinamtia kizunguzungu. Na lazima nikiri kwamba sikuwa daraja la kuaminika. Palipoandikwa "mwizi" niliandika "mshindani wangu." Palipokuwa na tusi niliacha nafasi. Nilijiambia nalinda amani, lakini nadhani niliogopa barua zisije zikakoma.

Miaka mitatu ilikwenda hivyo. Schmeling juu ya meza yangu akaanza kugeuka rangi ya chai. Mwandiko wa Kisumu ulizidi kunyooka kadiri msichana alivyopanda madarasa. Alipofika la saba miwa ilikuwa imesimama wima.

Mwishoni mwa 1980 ikaja barua fupi. Salamu, mvua, bei ya omena. Mwisho kabisa wa ukurasa, pameachwa nafasi, halafu: "Mwulize yule bwana, ile ngumi ya raundi ya tatu ilimuuma?"

Nilidhani ni kejeli. Nikakaribia kuifuta. Sijui kilichonizuia, labda uvivu. Nikaihamisha kama ilivyo.

Jibu la Kibokoni lilichelewa hadi Februari. Mzee yule hakuwahi kunipa zaidi ya ukurasa mmoja. Sasa zilikuwa karatasi nne, zimeandikwa pande zote mbili, na hazikuwa na salamu. Neno la kwanza lilikuwa "Iliniuma."

Aliandika kwamba ilimpata nyuma ya taya, upande wa kushoto. Kwamba alirudi Mombasa kwa gari moshi, daraja la tatu, kichwa kimefungwa kanga, akimwambia kila anayeuliza kuwa jino linamsumbua. Kwamba siku kumi na moja mama yake alimlowekea mkate katika maziwa. Tangu usiku ule sikio lile halikusikia kitu ila mvumo kama wa bahari iliyo mbali, na mkewe aliishi naye maisha yote akidhani ana kiburi, kwa kuwa akiitwa upande wa kushoto haitiki. Hakuwahi kumwambia. Angemwambiaje kwamba alipigwa na mtu ambaye hakushinda?

Nikaendelea kusoma, na mwisho wa karatasi ya nne nikakuta haya: "Na mkono wake je? Niliposhikwa na konde lile nilisikia kitu kikivunjika, nikajua ni mimi. Nikafika kona yangu nikajigusa taya, nikalikuta zima. Basi kilichovunjika kilikuwa nini? Nimekaa na swali hili tangu tuachane."

Usiku ule nilihamisha kurasa zote nane, mbele na nyuma. Sikuacha neno.

Kutoka Kisumu yalikuja majibu ya mistari mitatu kwa mwandiko mpya, wa kitoto kabisa, wa kaka mdogo, kwani msichana alikuwa ameingia kidato cha kwanza, shule ya bweni. "Babu amesikia. Anasema mkono ni baridi yabisi tu. Anasema kikombe kinakuja."

Kweli kikaja. Kilipita dirishani kwangu mwezi Aprili, juma lilelile magazeti yalipotangaza kwamba Joe Louis amefariki Las Vegas: kifurushi cha gunia kilichoshonwa kwa uzi wa wavu, kinanuka omena kutoka umbali wa hatua tatu. Msimamizi wangu alitaka kukikataa. Nilikipiga muhuri kabla hajamaliza sentensi.

Barua ya Kibokoni iliyofuata ilikuwa na neno moja, na safari hii khati haikunisumbua hata kidogo. "Kinanuka."

Baada ya hapo waliandikiana mambo ya wazee: macho, mvua, nani amekufa. Malalamiko ya raundi ya kwanza hayakurudi. Mzee wa Kibokoni alitangulia 1984, wa Kisumu 1986. Schmeling aliwapita wote, akafa Februari 2005, amebakisha miezi michache kutimiza mia. Mimi nilistaafu nikarudi Mombasa na sanduku la barua, na kwa miaka mingi sikulifungua ila kutoa mende.

Mwaka jana nilipigiwa simu kwa namba nisiyoijua. Sauti ya mama mtu mzima, mpole. "Shikamoo, Mzee. Hunijui, lakini mwandiko wangu unaujua."

Alikuwa ameipata namba yangu kwa mwalimu wa ndondi wa Nakuru. Yeye mwenyewe sasa ni bibi, muuguzi mstaafu. Tuliongea karibu saa nzima. Alicheka nilipomkumbusha kuhusu makosa yasiyokuwa yake. Akaniuliza kama nilipata kuona kikombe, nikamwambia nilikinusa.

Kisha akanyamaza. Nami nikangoja, kwani hilo nilikuwa nimejifunza kwake.

"Mzee," akasema, "kuna kitu nilifanya. Barua ya mwisho niliyoandika kabla ya kwenda bwenini. Babu alikuwa amemaliza, amelala kitini. Nafasi ilibaki. Miaka yote mitatu walikuwa wanagombana nani alishinda, na mimi nilikuwa msichana wa miaka kumi na mbili, nilitaka kujua jambo moja tu. Lile swali si la Babu. Nililitia mimi."

Nilimwambia kwamba mimi nami niliyatoa matusi. Akasema Babu alilishuku hilo, alikuwa akisema mtu wa pwani hawezi kuwa mpole hivyo.

"Niliporudi likizo," akaendelea, "kikombe kilikuwa kimeshaondoka na hakuna aliyetaka kunieleza. Mdogo wangu alisema ilikuja barua ndefu, aliisoma siku mbili, na Babu akamwambia aichome. Kwa hiyo sijui. Yule mzee alijibu nini?"

Ile ya Kiarabu, ya mkono wake mwenyewe, ninayo. Nikamwomba asikate simu, nikavae miwani.