Waliobofya Saa Nane Usiku

Siku hizi hapa Dodoma huwezi kuingia ofisi yoyote ya maana bila kupita kwa askari wa getini. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu huku ulipitishwa mwaka 1973, ukalala kwenye makaratasi, na Serikali ilipoanza kuhamia kwa kishindo baada ya 2016 mageti nayo yakaota kama uyoga. Askari atakusalimu, atakuuliza unakwenda kwa nani, kisha atafungua kikapu chako na kugeuza kila kilichomo. Ukiwa umebeba chupa ya mvinyo wa zabibu ataishika, ataisoma karatasi yake, na pengine atainusa. Wala hana haja nayo. Kazi yake ni kutafuta kisichotakiwa kuingia. Sijapata kumwona mfanyabiashara akirudi nyumbani na kutangaza kwamba amepata mteja kwa sababu chupa yake imeshikwa getini.

Katika matangazo ya barua pepe, hata hivyo, askari huyo anahesabiwa kuwa mteja, na fedha inalipwa kwa ajili yake.

Ninaandika hesabu za kikundi cha wakulima wa zabibu, upande wa Mpunguzi. Tunauza zabibu kavu, juisi na mvinyo kidogo. Kwa muda fulani kampuni moja ya mjini, ambayo sitaitaja, ilitutumia barua pepe za matangazo kila mwezi kwa maofisa, wenye hoteli na wenye maduka. Mkataba ulisema tulipe shilingi 200 kwa kila mbofyo, yaani kila mara mpokeaji anapogusa kiungo kilichomo ndani ya barua. Taarifa zao zilikuja na michoro ya rangi inayopanda kama Mlima Kilimanjaro. Mauzo yalibaki tambarare kama mbuga ya Bahi.

Mimi hupenda kusoma saa kabla ya kusoma jumla. Barua zilikuwa zikitumwa saa nane usiku. Ilipotimu saa nane na dakika moja, makumi ya maofisa walikuwa wamekwisha kubofya. Tena hawakubofya kimoja. Walianzia juu wakateremka hadi chini: zabibu kavu, juisi, ramani ya njia, hadi kile kiungo cha maandishi madogo chenye masharti ambayo hata aliyeyaandika hajapata kuyasoma. Watu wa ofisi moja walibofya katika sekunde ile ile. Nikajiuliza ni ofisa gani wa Serikali anayeamka usiku wa manane kusoma masharti ya juisi.

Maelezo yake si magumu. Kila kiungo katika barua za namna hiyo hubeba alama yake ya pekee, na kikifunguliwa, seva ya mtumaji huandika kwamba fulani amebofya. Seva haimwoni fulani. Inaona tu kwamba anwani imeitwa. Ofisi kubwa nazo hulinda barua zao kwa programu za usalama, za kampuni kama Microsoft, Proofpoint, Mimecast au Barracuda. Nyingine huvifungua viungo zenyewe kabla mwenye barua hajaiona, ili zijue kama nyuma yake kuna wezi wa nywila. Ni kazi njema, na kwa jinsi matapeli wanavyojifanya benki siku hizi singependa iachwe. Lakini kwenye daftari la mtumaji mkono wa mashine na mkono wa mtu huacha alama moja.

Hesabu ya waliofungua barua ilikwisha haribika zamani. Hiyo hutegemea kijipicha kisichoonekana, ambacho kikipakuliwa barua huhesabiwa kuwa imesomwa. Septemba 2021 Apple ilianza kuzipakua picha hizo yenyewe kwa wateja wake waliokubali ulinzi huo, barua isomwe isisomwe. Watu wa matangazo wakakimbilia mibofyo, wakidhani huko ni salama. Hata mlango wa kujiondoa katika orodha umeguswa na mambo haya. Kanuni ya kujiondoa kwa mbofyo mmoja, iliyotolewa mwaka 2017, iliwekewa utaratibu maalumu ili mashine inayofungua viungo isije ikamwondoa mtu ambaye hakuomba.

Fedha iliyopotea iliniuma, lakini jambo lililotaka kutuumiza zaidi lilikuja kikaoni. Kijana wa kampuni alisimama, akatuamkia vizuri, akashauri tuwakate "wateja baridi". Alikuwa na orodha yao. Niliisoma jina kwa jina: wenye maduka wa soko la Majengo, mama wa nyumba ya wageni, mwenye mgahawa wa barabara ya Iringa. Hawa hutumia anwani za kawaida za bure, hawana mitambo ya ofisi inayowabofyia. Waliobaki kuwa "moto" walikuwa ofisi zenye ulinzi mkali kuliko zote. Kadiri geti lilivyokuwa zito, ndivyo mwenye nyumba alivyoonekana anatupenda!

"Mwanangu," mwenyekiti alimwuliza, "hawa moto wamenunua nini?"

"Mzee, kununua ni hatua ya baadaye. Kwanza tunajenga hamu."

Mwenyekiti ni Mgogo wa Kongwa, na Kongwa wanakumbuka namba. Hapo ndipo Waingereza walipoanzisha mradi wa karanga mwaka 1947, wakauacha mwaka 1951 baada ya kuzama pauni zipatazo milioni 36. Hakusema mengi. Alisema tu kwamba kwao wazee walikuwa wakihesabiwa ekari zilizofyekwa, na karanga wakazitafuta.

Tuliomba jaribio moja. Ndani ya barua iliyofuata kiliwekwa kiungo ambacho jicho haliwezi kukiona, nukta nyeupe juu ya karatasi nyeupe. Mtu hawezi kukibofya ila kwa bahati. Kilibofywa na karibu wote waliokuwa "moto". Kijana alikodoa macho, na nadhani hakuwa mdanganyifu, kwa maana mchoro ule alikuwa ameuamini kuliko sisi. Mwajiri wake alibisha majuma mawili, kisha akakubali malipo ya jumla kwa mwezi, bila kuhesabu mibofyo. Orodha ya Majengo haikuguswa.

Barua ya mwezi uliofuata tuliituma saa nne asubuhi. Ofisi zilibofya kila kitu ndani ya dakika moja, kama kawaida yao. Mama mmoja wa Majengo hakubofya chochote. Alipiga simu mchana, akauliza kama tunaweza kumpelekea zabibu kavu kilo tano kabla ya Ijumaa.