Nabothi na Mkataba Wangu

Kwa miezi miwili sala yangu ilikuwa moja: Bwana, amua kati yangu na mwenye jengo. Sikujua ninaomba nini.

Nilikuwa nimepanga chumba kimoja cha ofisi Dar es Salaam, nikichapa barua, kutoa kopi na kuwajazia watu fomu. Pango lilikuwa shilingi 400,000 kwa mwezi, nami nililipa la mwaka mzima, 4,800,000, mkononi. Siku ya kutia saini, mwenye jengo aliniambia, "Mwanangu, kwenye mkataba tuandike 150,000. Mimi sikatwi. Ile kodi ya zuio utaipeleka mwenyewe TRA, sasa ya nini uumie?"

Sheria inamtaka mpangaji akate asilimia 10 ya pango na kuipeleka serikalini. Wenye nyumba wengi hawakubali kukatwa, basi mpangaji huitoa mfukoni mwake. Nilipiga hesabu: 180,000 badala ya 480,000. Nikasaini. Jumapili nikatoa sadaka ya shukrani kwa kupata ofisi.

Baada ya miezi minane alipatikana mpangaji anayetaka ghorofa nzima. Nikaambiwa nihame, nirudishiwe ya miezi minne iliyobaki: 600,000.

"Mzee, si ni 1,600,000?"

Alivuta droo akanionyesha mkataba. Saini ilikuwa yangu.

Wiki ile, katika ibada ya jumuiya, nilifundisha habari za Nabothi, aliyenyang'anywa shamba lake la mizabibu na mfalme Ahabu. Kila mtu alielewa Ahabu wangu ni nani. Bibi mmoja akauliza kwa upole, "Baba, kwani Nabothi naye walikuwa wameandikiana na Ahabu?"

Watu walicheka. Mimi usiku ule sikulala. Nabothi aliangamizwa kwa barua za uongo ambazo hakuziandika. Ya kwangu niliisaini kwa kalamu yangu, na ningekwenda mahakamani, ningeanza kwa kueleza kwa nini.

Dhuluma ya yule mzee haikugeuka haki kwa sababu nami nilikosa. Lakini nilikuwa nimemwita Mungu awe hakimu wa mwenzangu tu. Nilimfuata nikamwambia kwamba naenda TRA kusema kweli, asije akaisikia kwa wengine. Alikasirika sana. Nilikwenda, nikalipa 300,000 iliyopungua pamoja na adhabu yake. Ile milioni moja sikuipata hadi leo, na ada ya shule ya muhula ule tulikopa.

Sasa nina chumba kidogo zaidi. Pango ni 250,000, na mkataba unasema 250,000. Nililitafuta jengo la namna hiyo kwa muda mrefu.

Ndugu msomaji, kama una kesi na mwenye nyumba wako, idai haki yako. Mungu hachukizwi na hilo. Ila kabla hujapiga magoti, soma kwanza karatasi uliyosaini.