Kalibu ya Babu

Babu yangu huniita "mke wangu", na bibi naye hunitania eti nimekuja mjini kumnyang'anya mume. Kwa hiyo siku niliyomwendea Bombambili na barua mkobani, mzee alidhani ni barua ya posa. Akacheka mpaka akakohoa.

Haikuwa posa. Ilikuwa barua ya maombi kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, BRELA, kule wanakoandikisha hataza. Hataza ni hati ya serikali inayomlinda mvumbuzi: wewe unaeleza waziwazi kitu chako kinavyofanya kazi, nayo serikali inamzuia mwingine asikitengeneze bila ridhaa yako kwa muda fulani. Siku hizi nchi nyingi hutoa miaka 20. Nilitaka jina la Babu liandikwe.

Maana Babu ni mhunzi. Majembe, mashoka, mundu, vyote vimepita mikononi mwake. Lakini ujanani aliwatengenezea wawindaji magobore yaliyoharibika, na hapo ndipo alipochonga kalibu yake: vipande viwili vya jiwe vinavyofunguka kama kitabu. Unayeyusha risasi, unamimina, unasubiri kidogo, unafungua. Gololi sita kwa mkupuo mmoja, duara safi! Wenzake walikuwa wanafua moja moja kwa nyundo. Haukupita muda, fundi mwingine akaiga, akauza gololi mpaka akaezeka nyumba kwa bati. Babu yeye nyumba yake ilibaki ya nyasi. Hadithi hiyo tumelelewa nayo, na kila tulipoisikia tuliumia.

Nami nilikuwa nimesoma. Nilimsoma Hiram Maxim, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1840 akahamia London. Bunduki ikilia humpiga mpigaji teke begani, jambo ambalo kila askari alilijua. Maxim aliona kuwa teke hilo ni nguvu inayopotea bure. Akaunda bunduki ambayo teke lenyewe linatupa ganda, linaingiza risasi nyingine na kuifyatua, risasi zaidi ya 500 kwa dakika. Kati ya mwaka 1883 na 1885 akaandikisha hataza kwa kila njia aliyoweza kuifikiria, ili mwenzake asipate hata upenyo. Kampuni ya Ludwig Loewe ya Berlin ikapata leseni ya kuziunda.

Nilimsoma pia Alfred Nobel, aliyepata hataza ya baruti isiyo na moshi mwaka 1887. Waingereza wakatengeneza ya kwao inayofanana nayo, Nobel akaenda mahakamani. Mwaka 1895 akashindwa kabisa. Kisa? Katika hataza yake alikuwa ameitaja pamba-baruti ya aina "inayoyeyuka", na wale walitumia ile isiyoyeyuka. Neno moja tu! Enyi wenzangu mnaotaka kuandika, mnaona uzito wa neno?

Basi nikamsomea Babu barua yangu. Alisikiliza kimya, kofia mapajani. Nilipomaliza akaniuliza, "Huyo Maksimu, bombomu ni lake?"

"Ndiyo, Babu."

"Mke wangu, unajua nani alikuwa mbele yake?"

Nilijua. Nani aliyekulia Songea asijue? Babu wa Babu alikunywa maji yale, dawa iliyoanzia Ngarambe kwa Kinjikitile Ngwale, iliyosemekana itageuza risasi za Mjerumani kuwa maji. Mwezi Oktoba 1905 kambi ya wapiganaji wa Kingoni ilishambuliwa kwa bombomu. Yeye alitoka akikimbia, wenzake wakabaki. Februari 1906 wazee wetu wakanyongwa hapahapa mjini, na Nduna Songea Mbano naye akafuata. Kisha ikaja njaa, maana Wajerumani walichoma mashamba na maghala. Hesabu za wakoloni wenyewe zilitaja watu 75,000, na wapo wanahistoria wanaofikisha 300,000. Kila mwezi Februari tunakusanyika Makumbusho ya Maji Maji kuwakumbuka.

"Sasa wewe," Babu akasema, "unataka jina langu likae daftari moja na lake?"

Nikajitetea. Nikasema gobore si bombomu, nikasema kazi yake ni ya kuwindia nguruwe wanaokula mahindi. Hapo ndipo aliponisimulia jambo ambalo hata mama hajawahi kulitaja.

Wawindaji wawili, vijana, waliingia porini jioni. Mmoja alisikia majani yakitikisika, akafyatua. Hakuwa nguruwe. Alikuwa mwenzake. Maiti ilipooshwa, gololi ilitolewa, na Babu akaitwa aitazame. Aliitambua kwa mshono mwembamba uliozunguka katikati, pale vipande viwili vya jiwe vinapokutana.

"Hiyo ndiyo hataza yangu," akasema. "Niliandikishwa siku ile."

Tangu hapo hakumimina tena. Yule fundi aliyeiga hakuiba kitu. Babu mwenyewe alimpa kazi yote, akashukuru kuondokewa. Nikakumbuka jambo: kila mwaka baada ya mavuno Babu hupeleka gunia la mahindi kwa bibi mmoja kizee upande wa Peramiho. Sisi tulidhani ni ndugu. Kumbe ni mama wa yule kijana.

Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja hapa Songea akaomba msamaha kwa yaliyotendwa. Ilikuwa imepita zaidi ya miaka mia. Babu hakungoja mia. Lakini nilipomwuliza kama bibi yule amekwisha kumsamehe, alisema hajawahi kumwuliza. Anapokea gunia, wanakaa, wanaongea habari za mvua.

Barua yangu haikwenda popote. Hata ingekwenda isingefaulu, maana hataza hutaka kitu kiwe kipya, na kalibu za risasi zimekuwapo duniani karne nyingi. Lakini si hilo lililonizuia.

Nilipoaga, Babu alinionyesha kalibu yenyewe. Kipande kimoja kinazuia mlango wa banda la kuku usipigwe na upepo. Cha pili alikitupa mtoni zamani. Nikashika kile kilichobaki: vishimo sita, laini kama ndani ya kikombe. Kazi nzuri mno, bwana. Sitadanganya. Nikaona fahari, na palepale nikaona haya.

"Kama unajua kuandika," akasema, "muandike yule kijana."

Jina lake nimeambiwa, ila si langu kulitoa. Mwaka huu gunia nimelibeba mimi.