Mshahara Uliposimama

Ndugu msomaji, mimi ni ofisa wa elimu ya watu wazima. Nimezaliwa na kukulia Nyasho, mjini Musoma. Leo nataka kukueleza habari ya mama yangu. Ni habari ya mshahara, na pia ni habari ya kalamu.

Mwaka 2003 nilikuwa darasa la sita. Mama alifanya kazi katika nyumba ya mkubwa mmoja wa serikali, upande wa ziwani. Alifua mashuka, alipiga pasi, aliosha vyombo. Kila alfajiri alitoka Nyasho kwa miguu. Wenzake walikuwa wawili, mpishi na mtunza bustani. Hao walikuwa waajiriwa wa kudumu. Mama alikuwa kibarua.

Mwezi mmoja mshahara haukuja. Wakaambiwa, "Fungu halijafika. Subirini." Mwezi wa pili ikawa hivyo hivyo, na wa tatu pia. Lakini kazi haikusimama. Wageni walikuja, wakala, wakalala. Mashuka yalifuliwa. Kilichosimama ni mshahara tu.

Nyumbani tulikunywa uji bila sukari. Mwenye duka alikataa kutukopesha tena. Mama akauza kitenge chake kizuri sokoni Nyasho, akanunua udaga na dagaa. Daftari zangu zikaisha, nikawa naandika pembeni mwa kurasa za zamani.

Mwezi wa nne fedha zilifika. Mpishi na mtunza bustani walilipwa malimbikizo yao yote. Mama alilipwa mwezi mmoja tu. Alipouliza, alionyeshwa karatasi yenye alama ya dole gumba lake. Akasomewa kwamba kwa miezi miwili hakuwapo kazini. Siku alipotia dole, aliambiwa kuwa ile ni orodha ya wafanyakazi tu.

Jioni ile mama aliniambia, "Mwanangu, nilitia dole mahali nisipopaona."

Sikuwa na la kujibu. Mimi nilijua kusoma. Kila siku nilisoma mbele yake, naye alifurahi. Lakini sikuwahi kumfundisha mama hata herufi moja. Jambo hilo liliniuma, na linaniuma hadi leo.

Ndugu msomaji, usidhani mambo haya yako kwetu peke yetu. Hata Marekani, nchi yenye fedha nyingi, mishahara husimama. Huko serikali haiwezi kutumia fedha mpaka Bunge lipitishe sheria ya matumizi. Rais na Bunge wasipokubaliana, ofisi nyingi hufungwa. Ilitokea kwa siku 16 mwaka 2013. Ilitokea tena kwa siku 35, kuanzia Desemba 2018 hadi Januari 2019. Watumishi wapatao 800,000 hawakupata mishahara yao kwa wakati. Mwaka 2025 ilitokea kwa siku 43.

Hata Ikulu yao iliguswa. Tarehe 14 Januari 2019, Rais Donald Trump aliwakaribisha wachezaji wa Chuo Kikuu cha Clemson. Watumishi wengi wa nyumba ile walikuwa wamerudishwa makwao bila mshahara. Basi wageni wakaandaliwa hambaga na piza za kununua, zikapangwa juu ya meza ya heshima. Dunia nzima ilicheka. Mimi nilimkumbuka mpishi aliyekuwa kwake, akihesabu siku.

Mwezi ule ule sheria ilipitishwa kwamba watumishi wa serikali walipwe malimbikizo yao baada ya ofisi kufunguliwa. Lakini wafagiaji na walinzi wengi walioajiriwa na makampuni ya nje hawakuwamo katika sheria hiyo. Unaona? Wa kudumu alilipwa, kibarua akaachwa. Ni kama mama yangu.

Katiba yetu ya mwaka 1977 imeweka njia nyingine. Mwaka wa fedha ukianza kabla ya sheria ya matumizi kuwa tayari, Rais anaweza kuidhinisha fedha za shughuli za lazima kwa muda usiozidi miezi minne. Hiyo ni kinga nzuri. Lakini kinga hiyo haimlindi mtu asiyejua alichotia dole.

Mwaka 2005 mama aliingia darasa la kisomo. Mwanzoni mkono ulitetemeka. Baada ya miezi kadhaa aliandika jina lake. Kisha akanunua daftari dogo. Kila jioni aliandika tarehe, kazi aliyofanya, na fedha aliyopewa. Baadaye alifanya kazi nyumba nyingine, na huko nako mshahara ulichelewa. Safari hii mama alifungua daftari lake mezani. Walihesabu pamoja, siku kwa siku. Alilipwa zote.

Siku hizi sheria nayo iko upande wako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi. Kama mfanyakazi hayaelewi, mwajiri anapaswa kumweleza mpaka aelewe. Mkishindwana, iko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Huko utaulizwa ushahidi. Daftari lako ni ushahidi.

Kwa hiyo usitie dole wala sahihi kabla ya kusoma. Ukishindwa, mwombe mtu unayemwamini akusomee. Andika siku zako za kazi. Na wewe kijana unayejua kusoma, mtazame mama yako leo jioni. Je, umemfundisha herufi ngapi?

Maswali ya kujadili darasani

1. Kwa nini mpishi alilipwa malimbikizo, na mama hakulipwa?
2. Daftari la mama lilimsaidia namna gani?
3. Andika katika daftari lako kazi ulizofanya wiki hii, na tarehe zake.