"Madam, Hakuna Kingine?"

Mtu wa umri wetu aliyesoma sekondari hapa Tanzania, ukimwamsha usiku wa manane atakutajia dhamira za Takadini bila kujikwaa: mila potofu, mapenzi ya kweli, nafasi ya mwanamke, ukombozi. Watoto wa Mama N'tilie je? Umaskini, ulevi, malezi, watoto wa mitaani. Tulikariri madesa, tukapiga pepa, tukafaulu. Sasa muulize huyo huyo Zita alikuwa mtu wa namna gani. Ataanza kukwepesha macho.

Vitabu vyenyewe navipenda. Ben Hanson alimchukua mtoto mwenye ualbino akamfanya mhusika mkuu, akampa mama, Sekai, anayekimbia naye ili asiuawe, akampa mzee Chivero wa kumfundisha mbira, na Shingai, msichana anayempenda mbele ya kijiji kizima. Kwa nchi ambayo miaka ya 2000 watu wenye ualbino waliwindwa, hasa Kanda ya Ziwa, kuweka riwaya hiyo mikononi mwa vijana wa miaka 16 lilikuwa jambo zito. Emmanuel Mbogo naye aliandika watoto wanaofukuzwa shule kwa kukosa ada. Wangapi humu chuoni hawajawahi kurudishwa nyumbani kufuata ada?

Darasani tulifundishwa habari za Rudine Sims Bishop, profesa Mmarekani, aliyeandika mwaka 1990 kwamba vitabu ni vioo na madirisha. Kwenye kioo mtoto anajiona mwenyewe, dirishani anamwona mwenzake. Alikuwa anawawazia watoto wa Kimarekani, weusi na wengineo, waliofungua vitabu vya nchi yao wenyewe wasijikute humo. Niliinakili hiyo kwa kalamu nyekundu, nikaenda nayo BTP.

Nilipangiwa shule moja ya kata. Kidato cha tatu, wanafunzi 62, nakala 9 za Takadini, na mwanafunzi mmoja mwenye ualbino. Nitamwita Neema, ingawa silo jina lake.

Kioo kikiwekwa mbele ya watu 62 kinageuka kitu kingine. Ukisoma neno "musope" kwa sauti, vichwa vyote vinamgeukia mtu mmoja. Wiki ya pili tu wavulana wa nyuma walishampa jina: Takadini. Wale si watoto wabaya, nadhani walijua wanamsifia, maana ni shujaa wa kitabu. Neema akawa anaomba ruhusa ya kwenda chooni kila kipindi cha Kiswahili kikianza, harudi mpaka kengele. Kwenye daftari la mahudhurio yupo. Darasani hayupo.

Tena kitabu chenyewe hawezi kukisoma vizuri. Wengi wenye ualbino wana uoni hafifu, na yale maandishi ni madogo. Kwa hiyo riwaya inayomhusu alikuwa ananong'onezewa na mwenzake wa dawati. Nikaenda stationery ya pale senta, nikakuza kurasa kwenye karatasi za A3. Hela ilitoka kwenye boom, na kwa kweli ingeishia kwenye chipsi mayai. Alisoma chini ya mwembe wa ofisini siku tatu, karatasi imekaribia pua. Alipomaliza akanirudishia akiwa amezikunja vizuri.

"Madam, hakuna kingine?"

"Kingine cha nini?"

"Cha mtu kama mimi ambaye hakimbizwi."

Nikamuuliza anataka kuwe na nini humo. Akasema pale kwao hakuna anayetaka kumuua. Anagombana na mwalimu wa nidhamu kwa sababu kofia si sare. Losheni ya jua inaisha kabla ya siku ya kliniki. Na hesabu hazipandi. Anataka kitabu ambacho mtu kama yeye anafeli hesabu tu, basi.

Nilipekua kabati lote la vitabu. Shida niliyoiona ni kwamba tumempa Takadini peke yake kazi ya kuwabeba watu wote wenye ualbino, na Zita awabebe maskini wote. Mfugaji sikumwona, kiziwi sikumwona. Msichana akipata mimba kwenye hadithi zetu, ujue anaadhibiwa ili wengine wajifunze. Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba waliojifungua wanaweza kurudi shule, na mmoja wao nilikuwa naye darasani. Mle kabatini hamna msichana anayekimbia nyumbani kunyonyesha saa ya mapumziko, kisha anarudi kwenye kipindi cha Jiografia huku blauzi imelowa.

Nilimweleza mwalimu wa somo. Alicheka kidogo. "Madam, mtihani hauulizi kofia." Hapo simlaumu, ana vipindi 28 kwa wiki na silabasi haijaisha. Nikamwomba dakika 15 za mwisho kila Ijumaa, akanipa.

Masharti yalikuwa matatu: nusu ukurasa, siku moja ya mtu wa kawaida, na asife mtu. Wiki ya kwanza hadithi karibu zote ziliishia na "hadithi hii inatufundisha kwamba". Wiki ya pili nikapiga marufuku sentensi hiyo. Mmoja akaandika kuhusu kuswaga ng'ombe usiku akiwa na mitihani kesho yake. Neema akaandika msichana aliyetumwa unga, muuza duka akadai hana chenji, akampa pipi badala ya mia mbili, na msichana akagoma kuondoka. Ngozi imo kwenye sentensi moja: alisubiri jua lipungue ndipo akatoka nyumbani.

Aliisoma mwenyewe, karatasi ikiwa karibu na uso. Wale wa nyuma wakaanza kubishana: wengine wanasema pipi ni wizi, wengine mia mbili siku hizi ni nini. Mmoja akataka kujua duka ni la nani. Kengele ikagongwa wakiwa bado wanabishana, na Neema naye yumo, anapiga meza.

Hadithi hizo ninazo, kurasa 31, wenyewe wamekubali zisambae bila majina. Anayekwenda BTP safari hii anitafute nimpe akatoe nakala. Fotokopi ajilipie.